Kitufe cha "Hifadhi" Kimehama, Karani Amenuna

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta, simu na programu. Anajibu mama wa steshenari, Mwanjelwa, Mbeya.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Uyole. Nikiwa chuo niliandika programu ya simu ya kupokelea parachichi: karani anaingiza jina la mkulima, kreti na kilo, stakabadhi inatoka. Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, niliuacha wazi kwa leseni huria, yeyote anaweza kuuchukua na kuubadilisha, na sasa tuko wachangiaji sita, wawili wako Malawi na mmoja Kenya. Vyama vya msingi kadhaa vya Rungwe na Njombe vinaitumia. Mwezi uliopita tulitoa toleo lenye sura mpya kabisa. Tuliondoa maneno kwenye vitufe tukaweka alama, tukapunguza msongamano, tukabadilisha rangi. Wenzangu wa nje walisifu sana. Lakini kwenye kundi la WhatsApp la makarani ni moto: "Mmeharibu", "Rudisheni ya zamani", "Nani aliwatuma?" Kuna mama mmoja wa Tukuyu ametuma sauti ya dakika nne. Sijaisikiliza, naogopa. Mwenzangu mmoja anasema tukae kimya, watazoea. Mimi silali vizuri. Nifanyeje?
Fundi asiyelala, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naandika umeme umekatika, kompyuta inakula chaji yake ya mwisho, kwa hiyo nikikimbia mahali utaniwia radhi.

Kama unavyokumbuka, nilikupigia kwanza nikaiomba hiyo sauti ya dakika nne, nawe ukamwomba mama ruhusa. Nimeisikiliza mara mbili. Haina tusi hata moja. Nusu dakika ya mwanzo ni salamu na pole za kazi. Nyuma mvua inapiga bati mpaka mahali pengine maneno yanamezwa. Halafu anasema hivi, nimeyanakili jinsi yalivyo: "Mwanangu, mimi nikipima, macho yangu yako kwenye mizani. Na mkulima macho yake yako kwenye mizani. Kidole kinajua chenyewe kwa kwenda. Sasa kidole kimeenda palepale pa siku zote, kilo za mzee wa watu zimefutika, na mzee ananiangalia kama mwizi."

Umesikia? Kona ya chini kulia, palipokuwa na Hifadhi, mmeweka pipa la kufutia. Hifadhi yenyewe mmeipandisha juu mkaivika wingu lenye mshale. Mama anasema wingu aliliona, akajua mmewawekea utabiri wa hali ya hewa. "Nikasema hawa vijana! Mvua ya Tukuyu mtu aambiwe na simu?" Nilicheka peke yangu hadi mteja aliyekuwa anasubiri laminesheni akauliza kulikoni.

Ndani ya dakika nne hizo kuna kazi yako ya wiki mbili, umeletewa mlangoni, na wewe umeiacha kwenye simu kwa woga. Mtu akiandika "rudisheni ya zamani" hajakupa maoni bado. Ni kama mgonjwa anayemwambia daktari mwili wote unauma. Daktari hamjibu "utazoea", wala haandiki dawa ya mwili wote. Anauliza: ulikuwa unafanya nini ulipoanza kuumia? Nawe uliza hivyo hivyo. Kila lalamiko lina kazi fulani iliyokwama mahali fulani, na ukiipata hiyo kazi huna haja ya kubishana na mtu kuhusu uzuri.

Ya mama wa Tukuyu ukiyapanga hayalingani uzito. Pipa lililokaa mahali pa Hifadhi ni hatari, hilo lirekebishwe leo kabla ya chakula cha jioni. Alama zisizo na maneno zinamchelewesha, hizo zikae kwenye toleo la wiki ijayo. Halafu mwishoni kabisa, ameshapoa, anasema rangi mpya zinamkumbusha wodini. Hilo liandike, likae. Watu wakishakasirika wanachukia hata rangi, na ukianza na rangi kwa sababu ni rahisi kubadilisha, utakuwa umepaka rangi mlango usiofunguka.

Kuhusu "watazoea". Nilisoma uhazili Tabora enzi za taipureta. Nilipohamia kompyuta niliendelea kugonga herufi kama natwanga kisamvu, miezi mingi, na mwisho wa kila mstari mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kutafuta ule wenzo wa kurudisha gari la karatasi. Haupo. Nilizoea, ndiyo. Lakini wakati nazoea kuna barua ziliharibika, na aliyezirudia usiku ni mimi, si aliyeleta kompyuta. Hapo ndipo neno hilo linaponikera: anayelisema siye anayelipa. Nanyi mmebadilisha katikati ya msimu, kreti zimepangwa hadi barabarani. Hata jiko jipya zuri haliwekwi siku ya pilau ya harusi.

Yaliyokukuta yamewakuta wakubwa. Aprili 2011 GNOME, sura inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta), ilitoa toleo la 3 lililogeuza karibu kila kitu. Mstari wa chini unaoonyesha madirisha uliyofungua ukaondoka, na kitufe cha kushusha dirisha nacho kikaondoka. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani mwaka huohuo akahamia kwingine. Wengine hawakuishia kulalamika. Leseni inawaruhusu, basi wakauchukua msimbo wa GNOME 2 wakaenda nao zao, wakauita MATE. Jina ni la majani ya Amerika Kusini ambayo watu huyatia maji ya moto wakanywa, kama sisi na chai yetu, ila Mswahili ukimwambia kompyuta yako inatumia mate atakutafutia kitambaa. MATE ipo mpaka leo. Siwalaumu GNOME, kompyuta yangu ya nyumbani ina hiyohiyo ya kwao na tunaelewana. Ninachotaka uone ni kwamba walioweza kuondoka na msimbo ni watu wanaojua kuandika msimbo. Makarani wako hawawezi. Wao wakichoka watarudi kwenye kaunta buku na kalamu, kundi la WhatsApp litatulia, na mwenzako atasema umeona, wamezoea.

Sasa watazame Blender, programu huria ya kutengeneza picha za pande tatu na katuni. Kwa miaka mingi ilikuwa na ukaidi wake: kuchagua kitu ulibonyeza upande wa kulia wa mausi, wakati karibu kila programu nyingine unabonyeza kushoto. Toleo la 2.80, Julai 2019, wakageuza, kushoto ikawa ndiyo kawaida. Lakini unapoifungua mara ya kwanza inakuuliza: unachagua kwa kushoto au kwa kulia? Mkongwe wa kulia anabonyeza mara moja, anaendelea na kazi yake. Mgeni hajui hata kama palikuwa na ugomvi.

Usikimbilie kuiga hilo kwa kila kitu. Kila njia ya zamani unayoiacha wazi ni chumba cha kufagia milele, nanyi mko sita, wa kujitolea. Mimi ningelinda jambo moja tu kwa wivu: mahali. Vitufe vibadilike sura, vinenepe, vikonde, lakini Hifadhi isitoke kona yake, kwa sababu kona hiyo sasa ni mali ya kidole cha mama wa Tukuyu.

Ukishatengeneza, andika kwenye kundi, kwa Kiswahili, kwa jina lako. Nimekuandikia mfano, utapunguza chumvi ukiona imezidi:

"Habari za kazi. Toleo la mwezi uliopita limewafutia baadhi yenu kilo. Kosa ni letu: tuliweka kitufe cha kufuta mahali pa Hifadhi. Toleo jipya linatoka Ijumaa. Hifadhi inarudi chini kulia, na ukibonyeza kufuta itakuuliza kwanza. Maneno yanarudi kwenye vitufe wiki ijayo. Rangi mpya zinabaki kwa sasa, kwa sababu rangi za zamani hazikuonekana vizuri juani. Aliyefutiwa kilo anitumie tarehe na jina la chama, tutazitafuta kwenye kumbukumbu."

Ona kwamba kwenye rangi nimewanyima, na sababu nimetoa. Watu wa huku wanakubali kunyimwa kuliko unavyodhani. Wasichokubali ni kuzungushwa. Usiwaandikie "tunathamini maoni yenu". Hiyo ni sauti ya mashine ya kampuni inayokuambia subiri kwenye foleni, na kila mtu anaijua. Na usitoe tarehe ya Ijumaa kama huna hakika nayo.

Halafu nunua kaunta buku. Ndiyo, ya karatasi, mimi ninazo hapa dukani. Piga mistari: alikuwa anafanya kazi gani, nini kikatokea, simu gani, toleo gani, tumemjibu nini. Malalamiko ya WhatsApp yanapanda juu yanapotea, kesho linakuja lilelile na mtu mwingine, wewe unaona watu wawili wana hasira kumbe ni shimo moja wametumbukia wote. Kwenye daftari shimo linaonekana. Picha za kurasa hizo uwarushie wenzako wa Malawi na Kenya, maana wao walisifu wakiwa wamekaa, skrini kubwa, mikono mikavu. Sifa zao si za kutupa. Msongamano huenda kweli ulikuwepo. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kupokea kreti mvua inanyesha na foleni inanung'unika.

La mwisho kwako, panda Hiace hapo Uyole uende Tukuyu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano tu wakitumia kitu chako utaona sehemu kubwa ya kasoro zake. Kwako hata mama mmoja anatosha kuanzia. Keti pembeni ya mizani. Usimfundishe, usimwelekeze, usiseme "bonyeza hapo juu mama". Kidole chake kikienda kusiko, nyamaza, andika. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote hapo, nakuonya. Beba na buti za mvua.

SWALI: Dada, kamwene. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Njombe. Natumia programu huria ya kupanga ratiba ya vipindi. Wamebadilisha sehemu ya kuchapisha, sasa ratiba haienei karatasi moja ya A4, inakatika Alhamisi. Niliwaandikia kwa herufi kubwa tupu kwamba wameharibu kazi za walimu. Nikajibiwa msimbo uko wazi, nitengeneze mwenyewe. Mimi nafundisha Jiografia. Hiyo ni haki?
Mwalimu wa Njombe

JIBU: Kamwene, mwalimu. Si haki. Kumwambia mwalimu wa Jiografia atengeneze msimbo ni sawa na mtu kukuambia supu ina chumvi nyingi ukamwonyesha jiko. Aliyekujibu alikuwa amechoka, au ana adabu fupi, vyote vinawezekana kwa mtu mmoja.

Lakini na wewe, dada yangu, ulimpa nini cha kushika? Nakuuliza kwa sababu nami nimewahi. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, foleni ya picha za pasipoti imetoka nje mpaka kwa muuza vocha. Programu yangu ya picha, jina naliacha, ilikuwa imejisasisha usiku, na njia niliyozoea ya kupanga picha nane kwenye karatasi moja haipo. Nilikata karatasi za bei mbaya kama za maandazi. Saa nane usiku nikawaandikia waungwana hao barua ambayo leo nisingependa mwanangu aisome.

Akanijibu mtu mmoja, swali moja tu: kwa siku unachapisha picha ngapi, na unazipangaje? Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nianze kutumia kompyuta. Nikamweleza: picha nane, karatasi ya inchi nne kwa sita, mteja amesimama, dakika tatu. Kumbe njia bado ipo, imehamishiwa menyu nyingine, na yeye hakuwahi kujua kwamba kuna mtu duniani anaitumia mara sitini kwa siku. Toleo lililofuata hawakuirudisha ilipokuwa. Waliipa njia ya mkato kwenye kibodi, ninayo mpaka leo, vidole viwili.

Kwa hiyo waandikie upya, kwa utulivu, jambo moja kwenye ujumbe mmoja. Sema unatumia toleo namba ngapi na kompyuta ya aina gani. Sema ulikuwa unafanya nini: unachapisha ratiba ya madarasa kumi na mawili ili ibandikwe ubao wa matangazo. Ulitegemea nini, umepata nini. Piga picha hiyo karatasi iliyokatika Alhamisi, picha moja hiyo inasema kuliko herufi kubwa zako zote. Eleza inakugharimu nini: karatasi mbili badala ya moja, gundi, na wanafunzi wanaosoma siku tatu tu. Kiingereza kikikusumbua andika Kiswahili, siku hizi mashine zinatafsiri si haba, na ukiandika sentensi fupi zinakosea kidogo zaidi. Usiwaambie watengenezeje. Labda wana njia ambayo mimi na wewe hatuijui.

Na kama wakikataa na sababu wakatoa, hapo umesikilizwa, hata kama hujapewa. Tafuta toleo la zamani, lirudishe, usilisasishe hadi mwisho wa muhula. Lakini programu inayofunguka kwenye intaneti usiiache na toleo la zamani muda mrefu, matundu yake ya usalama hayazibwi tena.

SWALI: Habari za Mbeya. Hapa Kihesa, Iringa, tuna kikundi cha vijana tunaotafsiri programu huria kwa Kiswahili na kupanga sura zake. Kila mabadiliko yakileta ubishi tunapiga kura ya vidole kwenye kundi, gumba juu au gumba chini, saa ishirini na nne. Walio wengi wanashinda. Naona ndiyo njia ya haki kuliko zote. Wewe unaonaje?
Mwenyekiti, Kihesa

JIBU: Naona mnahesabu wenye bando, mwenyekiti.

Kura ina mahali pake. Januari 2023 Wikipedia ilipata sura mpya iitwayo Vector 2022: yaliyomo yakahamia mstari wa kushoto, kitufe cha kuchagua lugha kikahama, maandishi yakabanwa katikati yakiacha nafasi nyeupe pembeni. Kelele zikawa nyingi, na habari iliyosambaa sana ilituhusu sisi: wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja kurudisha sura ya zamani. Nilijivuna, siwafichi. Kura ile ina uzito kwa sababu waliopiga ndio wanaoandika makala, kila siku, kwa mikono yao. Hata hivyo msomaji wa kawaida, mwanafunzi wa Ilula anayesoma kwenye simu ya kuazima, hakuwa kwenye kura ile, na simu yake haikuguswa na sura ile maana ilikuwa ya kompyuta. Kwa hiyo hata kura safi inasema habari za waliopiga tu.

Wikipedia nako waliacha milango. Ukiwa na akaunti unaingia kwenye mapendeleo unachagua sura ya zamani. Na lile lalamiko la nafasi nyeupe liliwekewa kitufe cha kutandaza maandishi hadi pembeni. Hicho kitufe hakikutoka kwenye hesabu ya vidole gumba. Kilitoka kwa watu waliosema hasa nini kinawabana.

Ninyi mnaopanga maneno mna mtihani mgumu kuliko wa rangi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi kwa Kiswahili, na tangu siku hizo hadi leo sijaona watu wawili wakikubaliana neno la kila kitufe. Kwenye kura ya neno anashinda mwenye marafiki. Jaribuni hivi: chukueni maneno yote mawili mnayobishania, nendeni nayo Miyomboni, mfungulieni simu mama anayeuza mboga, mwambieni abadilishe sauti ya mlio. Muone anabonyeza lipi. Watu watatu wanne, mtarudi na jibu, na pengine litakuwa neno la tatu ambalo hakuna kati yenu aliyelifikiria.

Na uenyekiti wako usiuogope. Mtu mmoja aliyesikiliza, akaamua, akaandika sababu chini ya uamuzi na tarehe ya kuupitia tena, mara nyingi anatenda haki kuliko vidole gumba arobaini vya saa sita usiku.

SWALI: Mimi sielewi hawa watumiaji. Kitu wamepewa bure, hawajatoa hata senti, halafu wanafoka. Si waache kama hawataki?
Mkweli, Makambako

JIBU: Wataacha, ndugu yangu, tena bila kukuaga.

Kwanza huria si bure. Waingereza wana neno moja, "free", kwa yote mawili na linawasumbua, sisi tunayo mawili na bado tunayachanganya. Pili, wanalipa. Karani aliyejifunza programu yako wiki mbili amekulipa wiki mbili. Aliyekuandikia kasoro saa nne usiku baada ya kufunga mizani amekufanyia kazi ambayo kampuni kubwa zinaajiri watu kuifanya. Anayefoka bado yupo, bado anaitumia. Wa kumwogopa ni yule aliyefuta programu akanunua kaunta buku. Ninajua, mimi ndiye ninayemuuzia.

Ila kuna kitu umesema kweli nusu. Kufoka kuna mpaka wake. Mtu akimtukana mchangiaji mzazi wake, atolewe kwenye kundi siku hiyohiyo, hata kama kasoro aliyoisema ni ya kweli. Kasoro iandikwe daftarini, yeye atoke. Mnaojitolea si majaa.

SWALI FUPI: Tukibadilisha sura, ya zamani tuitunze hadi lini?
Mbalizi

JIBU: Hadi tarehe uliyoitangaza mwanzoni, na utangaze nyingine kama hali imekataa. WordPress, programu huria ya kutengenezea tovuti, walipoweka kihariri kipya (sehemu ya kuandikia) Desemba 2018 waliacha kile cha zamani kama programu-jalizi, kiongezo anachokiweka anayekitaka, wakasema wataitunza hadi mwisho wa 2021. Muda ulifika, watu bado walikuwa mamilioni, wakasogeza. LibreOffice, programu huria za ofisi, wao tangu toleo la 5.3 la 2017 wana utepe mpya wa vichupo, lakini hawakumlazimisha mtu. Mistari ya vitufe ya zamani ndiyo niliyonayo hapa dukani na sina mpango. Ninyi wa Mbalizi mko wangapi kwenye mradi? Mkiwa wawili, msimu mmoja unatosha. Sema tu usiwe msimu wa mavuno.

*

Ukurasa ulikuwa tayari kwenda kiwandani ndipo kijana wa Uyole akaniandikia. Alikwenda Tukuyu Jumamosi, akarudi na ndizi mkungu mzima na kurasa sita za kaunta buku. Hifadhi imerudi chini kulia. Kilo za mzee zimepatikana kwenye kumbukumbu za simu, mia moja na kumi na mbili, na mzee amepigiwa simu. Ameniuliza jambo moja limemshinda: mama wa mizani amesema maneno yarudi, lakini lile wingu lisiondolewe, ameshalipenda. Nimemwambia aliache, aandike Hifadhi chini yake.